Nani Ana Haki ya Kucheka Motokari Kuukuu?

Motokari ya mjomba wangu inaitwa Ipsum. Ni Toyota ya mwaka 1998 iliyozeeka kwanza Japani, kisha ikaja kuzeeka mara ya pili huku kwetu. Mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba ya mpira, kioo cha dirisha moja kinapandishwa kwa viganja viwili, na wakati wa mvua maji hupita chini ya miguu ya abiria wa mstari wa pili bila kulipa nauli. Inabeba watu kati ya Lubumbashi na Likasi, kama kilomita 120, na ndiyo inayonilipia masomo tangu mwaka wa kwanza. Nalisema hili mapema kwa sababu makala hii yote inahusu kucheka magari ya namna hiyo, na msomaji ana haki ya kujua kwamba anayecheka hapa ana deni.

Wenzangu waliosoma Latin-filo katika sekondari wamekwisha kutabasamu. Ipse, ipsa, ipsum: mwenyewe, yenyewe, lenyewe. Toyota ilianza kuuza gari hilo Japani mwaka 1996, na ilipolipeleka Ulaya ililibadilisha jina likawa Picnic, labda kwa kuhofia kwamba huko bado wapo watu wanaojua Kilatini. Nilipomweleza mjomba maana ya jina, alifikiri kidogo, akaipiga boneti kofi la upole, akasema: "Basi walijua. Hii njo yenyewe. Zile zingine ni za kujaribia." Tangu siku ile anaiita Lenyewe, na abiria wake wa kila juma wanaiita hivyo pia.

Mwezi uleule, nje ya lango la chuo, kijana mmoja alishuka kutoka katika jipu jipya la baba yake, akaiona Lenyewe imeegeshwa, akauliza kwa sauti ya kusikika: "Hii ni motokari ao ni masalio?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa utani ulikuwa mzuri. Masalio ni neno zito, linabeba mifupa ya watakatifu. Lakini mjomba hakucheka, yeye ambaye kila siku husema mabaya zaidi juu ya gari hilohilo mbele ya abiria na kucheka mpaka machozi yanamtoka.

Kwa nini? Maneno yalikuwa yaleyale, gari lilelile. Katika somo la pragmatiki tunafundishwa kumtazama msemaji, msikilizaji na mahali. Mimi ningeongeza jambo moja dogo kwa upande wa magari: mtazame msemaji ameketi kiti gani. Nitajaribu kulieleza hilo, nikianzia mbali kidogo, kwenye majina.

Kila gari la mitumba linakuja likiwa na jina ambalo hatukuliomba. Watengenezaji wa Japani wana mapenzi ya ajabu kwa lugha za watu wengine. Wana Toyota Raum, neno la Kijerumani lenye maana ya nafasi au chumba, ambalo wamelipa kigari kifupi. Wana Toyota Noah, yaani Nuhu, na anayejua magari ya abiria kwetu anaelewa kwamba jina hilo limetimia: wanaingia wawili wawili, na kuku pia. Corona ni taji kwa Kilatini, Corolla ni taji dogo, Camry inatokana na neno la Kijapani kanmuri, nalo ni taji vilevile. Kampuni moja imevaa mataji matatu na sisi tunayafunga kwa waya. Mazda wana gari linaloitwa Bongo, kwa heshima ya yule swala mkubwa mwenye mistari myeupe anayeishi pia katika misitu ya nchi yetu. Swala wamemchukua kwetu, wakamtia injini, wakaturudishia, na sisi wenye Kiswahili tukaliona jina tukadhani gari hilo lina akili.

Ila jina ninalolipenda kuliko yote ni Vitz, Toyota ndogo iliyoanza mwaka 1999. Limeundwa kutokana na neno la Kijerumani Witz. Witz ni werevu wa maneno. Katika Kijerumani cha kila siku ni mzaha, kichekesho. Kwa hiyo wapo watu mjini kwetu ambao kila asubuhi wanakwenda kazini ndani ya mzaha, na hawajaambiwa.

Magari haya yanatufikia kwa sababu ambayo haina uhusiano na ubovu. Japani gari jipya hupelekwa kwenye ukaguzi baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni ghali. Kadiri gari linavyozeeka mwenyewe anaona afadhali auze. Linapakiwa melini, linashuka Dar es Salaam au Durban, linapanda barabarani na kuvuka Zambia mpaka Kasumbalesa. Na hapo Kasumbalesa hutokea jambo ambalo sijaona mwanafalsafa yeyote akilitolea kozi. Japani wanaendesha upande wa kushoto, nao usukani uko kulia: sahihi. Tanzania vilevile, sahihi. Zambia, sahihi. Gari linavuka mpaka, linaingia nchi inayoendesha upande wa kulia, na ghafla limekosea, ingawa hakuna hata parafujo moja iliyosogezwa. Shofere aliyekuwa katikati ya barabara sasa ameketi juu ya mtaro. Nitarudi kwenye jambo hili, maana siku moja nusura lituue.

Ubishi mwingine wa Lenyewe ni redio. Japani masafa ya FM yalipangwa kuanzia 76 mpaka 90, na kwetu stesheni nyingi ziko juu ya 90. Kwa hiyo redio inawaka, taa zake zinang'aa kijani, kisha inanguruma kama mto. Lakini gari lenyewe linasema. Chini ya usukani kuna kifaa cha kulipia barabara za Japani, na kila mjomba anapowasha injini sauti ya mwanamke, yenye adabu nyingi, inatoa sentensi moja ya Kijapani. Mwaka mzima abiria walitoa tafsiri. Mama mmoja wa Likasi alishikilia kuwa ni sala ya safari na alikuwa akijibu "Amina". Mzee mmoja alisema injini inaomba oili. Nilipoitafuta kwenye intaneti nikakuta ni "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen": kadi ya ETC haijaingizwa. Tazameni, kwa njia, jinsi Kijapani kinavyohitaji maneno matatu mwishoni, sōnyū sarete imasen, mahali ambapo sisi tunamaliza kwa neno moja lenye ukanushi, wakati na kutendwa ndani yake: haijaingizwa. Miaka yote hii mwanamke yule anadai kadi. Mjomba hataki kifaa kiondolewe. Anasema akinyamaza yule, atajua betri imekufa.

Haya yote ni vichekesho vinavyoletwa na gari likiwa kama lilivyo. Barabara nayo ina vyake, na hapo ndipo lugha inapofanya kazi ya kweli, kwa sababu watu hawakubali kuishi na jina la kiwandani. Tanzania zile Hiace za abiria ziliitwa vipanya. Waitalia, bila kumwuliza Mtanzania yeyote, waliita Fiat 500 ya mwaka 1936 Topolino, yaani kipanya, ambalo pia ni jina la Mickey Mouse kwa Kiitalia. Wajerumani waliita Citroën 2CV bata. Wapoland waliita Fiat 126 yao Maluch, kitoto. Angalieni jinsi wote wanavyokimbilia udogo: kitoto, kipanya. Sisi wa Katanga tuna ka-: kamotokari. Kiambishi hicho kinaweza kuwa busu au kofi, na hakuna kamusi itakayokuambia ni kipi kati ya hivyo. "Kamotokari kangu" ni wimbo wa mapenzi. "Kamotokari kako" ni ugomvi. Kimilikishi ndicho kinachoamua, na kimilikishi maana yake ni: nani anaketi ndani, nani analipa mafuta.

Mfano unaoonyesha hili waziwazi kuliko yote ni wa Trabant, gari la Ujerumani ya Mashariki. Lilitengenezwa Zwickau kuanzia 1957 mpaka 1991, karibu milioni 3 kwa jumla. Aina iliyoenea zaidi, 601, ilikuwa na nguvu ya farasi 26 na injini ya mipigo miwili, kama ya pikipiki za zamani, inayonyweshwa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa buluu. Chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo mwili ulifunikwa kwa plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa mabaki ya pamba na gundi ya kikemikali. Kwa miaka mingi halikuwa na mshale wa kuonyesha mafuta; mwenye gari alifungua boneti akachovya kijiti ndani ya tangi, kama mama anavyoangalia mtungi. Na pamoja na hayo, aliyelitaka jipya alijiandikisha na kusubiri miaka zaidi ya kumi. Matokeo yake yangewaliza wauza mitumba wote wa mjini kwetu: Trabant kuukuu iliyokuwa tayari mkononi iliweza kuuzwa ghali kuliko mpya.

Wenyewe walilitungia vichekesho visivyo na idadi. Unaongezaje thamani ya Trabant mara mbili? Ijaze mafuta. Kwa nini inaitwa 601? Watu 600 waliagiza, mmoja akapata. Kwa nini kioo cha nyuma kina joto? Ili mikono isigande wakati wa kuisukuma. Kichekesho hiki cha mwisho ni msafiri mkubwa: Waingereza walikitoa kwa Skoda na kwa Lada pia. Kwetu kisingefaa, maana baridi hatuna ya kutosha; tungesema kioo cha nyuma kimewekwa ili anayesukuma aone wanaomcheka.

Sasa sikilizeni mabadiliko. Kabla ya Novemba 1989, anayesimulia vichekesho hivyo ni mtu aliyesubiri miaka kumi. Anacheka gari lakini jicho lake liko kwa wale waliopanga foleni ile. Utani ulikuwa njia ya kulalamika bila kuandikwa jina. Ukuta wa Berlin ukafunguliwa, Trabant zikavuka kwa maelfu zikitoa moshi wao, na vichekesho vilevile vikaanza kutolewa na watu wa Magharibi, waliosimama kando ya barabara karibu na magari yao mazuri. Hakuna neno lililobadilika. Kilichokuwa malalamiko ya ndani kikawa dharau ya nje. Aliyecheka foleni jana, leo anachekwa yeye. Ni Kasumbalesa ileile: parafujo haikusogezwa, mpaka tu ndio uliovukwa. Leo Trabant ni gari la wapenzi wa vitu vya kale, lina vyama vyake na sherehe zake, na wanaolisema vibaya ni walewale wanaoling'arisha Jumapili. Utani umerudi ndani.

Hapa nchini tuna mfano mmoja unaojulikana. Watu wa Kinshasa waliyaita mabasi yale ya Mercedes 207, yaliyotobolewa madirisha kandokando na kuwekwa mabenchi ya mbao, Esprit de mort. Ni jina la kutisha, lakini lilitolewa na walioketi kwenye mabenchi, magoti yakigusana. Katika miaka ya 2010 serikali ilileta mabasi mapya yaliyopewa jina Esprit de vie. Kisarufi jina hilo halina kosa. Lakini lilitoka mezani, ni jibu kwa kichekesho, na kwa maoni yangu jibu kwa kichekesho halichekeshi kamwe.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nina nadharia nzuri: aliye ndani ana haki ya kucheka, aliye nje anyamaze. Nami nilifikiri hivyo, mpaka mwaka jana mwezi wa Februari.

Nimesema shofere wa gari lenye usukani wa kulia, kwetu, ameketi juu ya mtaro. Anapotaka kulipita kamiyo lililo mbele, lazima atokee upande wa kushoto, na yeye ndiye wa mwisho kuona. Gari lake lote linakuwa limeshaingia katika njia ya wenzake kabla jicho lake halijavuka mgongo wa kamiyo. Kwa hiyo hutegemea macho ya abiria wa mbele aliyeketi kushoto. Mjomba anakiita kiti kile kiti cha shahidi. Shofere anauliza, "Inapita?" Shahidi anajibu, "Bado," au, "Pita." Hakuna maneno mengine. Katika darasa tunasoma matamko ambayo kuyasema ni kutenda, na mifano inayotolewa siku zote ni ndoa na ubatizo. Hapa kuna mfano usiohitaji padri: pale "pita" si habari juu ya barabara, ni mguu wa mtu ukikanyaga mafuta.

Siku ile shahidi nilikuwa mimi. Tulikuwa wanane ndani ya gari la watu saba, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mbele yetu kulikuwa na kamiyo la mafuta. Nilikuwa nimegeukia nyuma, nikiwaeleza abiria habari za Raum na Noah na Vitz, nao walikuwa wakicheka vizuri sana, hasa mama wa "Amina" aliyekuwa na ndoo ya nyanya mapajani. Mjomba akauliza, "Inapita?" Nikajibu bila kugeuka, ili kuwachekesha: "Pita tu, mjomba, hata Nuhu alipita."

Akapita.

Sikumbuki kamiyo lililokuwa likija lilikuwa la rangi gani. Nakumbuka honi, na Lenyewe ikirudi nyuma ya mafuta kwa kuteleza, na mlio mmoja mkavu upande wangu. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kimeondoka, na vipande vyake vingine viliingia dirishani, vikaanguka mapajani mwangu. Tulisimama kando. Nyanya zilikuwa zimetapakaa kila mahali na hakuna aliyeziokota. Mjomba hakupiga kelele. Aliweka mikono juu ya usukani, akaniambia:

"Ulisema pita."

"Nilikuwa nachekesha, mjomba."

"Ulisema pita."

Nilikuwa ndani ya gari. Nilikuwa na haki zote za kucheka ambazo nimezitetea katika kurasa hizi: ni gari letu, ada yangu inatoka kwake, magoti yangu yalikuwa yamegusa dashibodi. Na bado kile kilikuwa kichekesho kibaya kuliko cha kijana wa jipu, kwa sababu cha kwake kilimuumiza mtu moyo na changu kilikuwa karibu kuwazika watu wanane. Sikuwa nimefikiri kwamba ndani ya gari moja kuna viti tofauti. Mstari wa pili na wa tatu wanaweza kusema wapendalo; maneno yao hayajaunganishwa na kitu chochote. Kiti cha kushoto kimeunganishwa na usukani kama waya wa breki.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku usukani wa kulia. Kwa usalama hawakosei, na mtu aliyeokota vioo mapajani hawezi kubishana nao sana. Ila gari lenye usukani wa kushoto, la umri uleule, bei yake mjomba hana, na siku Lenyewe itakapozuiwa barabarani mimi nitazuiwa mlango wa mtihani. Wengine hupeleka magari yao yakahamishwe usukani. Nimeona kazi hiyo ikifanywa vizuri na nimeona ikifanywa kwa namna ambayo honi ilibaki upande wa kulia, mikononi mwa abiria.

Kwa majuma mawili mjomba hakuniruhusu kuketi mbele. Alimweka mama wa nyanya, ambaye alilipwa nyanya zake na kupewa kiti cha shahidi bila kupunguziwa nauli, na ambaye "bado" yake ilisikika mpaka mstari wa tatu. Kioo kipya cha pembeni hatukukipata. Tulipata cha Noah, kikubwa kuliko kinavyopaswa, kimefungwa kwa boliti mbili na kinaangalia mbingu kidogo.

Asubuhi tuliyokifunga, Lenyewe ikawashwa, mwanamke wa Kijapani akadai kadi yake, mama akajibu "Amina". Mzee wa oili, anayesafiri nasi kila Jumatatu, alikitazama kile kioo kwa muda mrefu kabla ya kuinama kuingia.

"Shofere," akasema, "hii Lenyewe sasa si yenyewe tena."

Mjomba alicheka mpaka akazima injini. Kisha akamwambia alipe nauli kwanza.